Kabla ya kutoa dipoziti, fungua mfereji

Ukisimama kando ya barabara kuu ya Thika siku za mwisho wa mwezi, hasa pale Roysambu au Githurai, utaona mikokoteni na pikapu zikipita zimebeba magodoro, mitungi ya gesi na meza zilizopinduliwa miguu juu. Watu wanahama. Kuna waliopandishiwa kodi, kuna waliochoshwa na ukosefu wa maji, na kuna wanafunzi wa chuo waliokosa nafasi bwenini.

Wengi wao wameacha pesa nyuma. Pesa hizo ni dipoziti.

Hebu tufanye hesabu, msomaji. Tuseme umepata nyumba ya Sh12,000 kwa mwezi. Siku ya kuingia utalipa kodi ya mwezi huo, dipoziti ya Sh12,000 nyingine na pengine Sh2,000 za maji na stima. Hizo ni Sh26,000 kabla hujanunua hata pazia. Kwa jamaa nyingi hiyo ni karo ya mtoto. Ajabu ni kwamba twazitoa baada ya kuitazama nyumba kwa dakika kumi tu!

Mimi pia niliwahi kuumwa na nyoka huyu. Nilipohama nyumba yangu ya kwanza, niliambiwa dipoziti yangu yote imemalizwa na rangi ya kuta, kitasa cha mlango na sinki lenye ufa. Ufa huo niliukuta. Lakini ningethibitisha vipi? Sikuwa na karatasi wala shahidi, na msimamizi wa ploti aliyenipokea alikuwa ameshafutwa kazi. Nikalipa mwenye mkokoteni, nikaenda zangu.

Kwa hivyo, jua kwanza unayempa pesa ni nani. Kuna matapeli ambao hukodi nyumba kwa siku chache, wakaionyesha watu watano kana kwamba ni yao, wakapokea dipoziti tano na kutoweka. Waulize majirani kodi hulipwa wapi. Ikiwa wao hulipia benki na wewe unaambiwa utume kwa simu ya mtu binafsi, ondoka.

Majirani hao utawapata wapi? Panda juu ya paa, mahali pa kuanika nguo. Mama mmoja mwenye beseni atakueleza kwa dakika tano mambo ambayo ajenti hatakuambia mwaka mzima: mwenye nyumba ni mtu wa aina gani, wezi huingilia wapi na waliohama walirudishiwa chao au la.

Kisha fungua mfereji. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, na mitaa mingi huyapata kwa zamu. Uliza mtaa huo hupata siku gani, na ploti ina tangi la kutosha siku zilizobaki au utakuwa ukinunua kwa mitungi. Pande za Embakasi ploti nyingi hutegemea visima, na maji yake yana chumvi, onja. Rudi tena jioni wapangaji wote wakiwa nyumbani, uone kama yanafika ghorofa yako. Uliza pia kama nyumba ina mita yake ya stima ama mnagawana tokeni na jirani mwenye friji mbili.

Nyufa kubwa katika nguzo na kuta usizichukulie mzaha. Jengo lililoporomoka Huruma usiku wa mvua mwezi wa Aprili 2016, kando ya mto, liliua zaidi ya watu 40, nao walikuwa wapangaji kama wewe.

Ukiridhika, siku ya kuingia andika karatasi kabla ya kupanga viti. Kila kioo kilichovunjika, kila kitasa kibovu, kila doa la ukutani. Piga picha kwa simu. Msimamizi atie sahihi na tarehe, nawe ubaki na nakala. Huenda akakuona mtu wa maneno mengi. Mwache.

Kuna wapangaji ambao hukataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho ili "waikalie" dipoziti. Siwalaumu sana, ingawa mikataba mingi hukataza. Ubaya ni kwamba mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kutuma dalali aliye na leseni akushikie mali. Yeye mwenyewe hana ruhusa ya kung'oa mlango wako kwa mikono yake, ingawa tunajua wanaofanya hivyo.

Njia nyingine ipo. Mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi Nairobi mwaka wa 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Kesi inatakiwa kumalizika kwa siku 60, na unaweza kujitetea bila wakili. Utakachoulizwa pale ni mkataba, risiti na ile karatasi uliyotiliwa sahihi.

Ukiamua kuhama, toa notisi kwa maandishi, kwa muda uliotajwa katika mkataba wako. Siku yenyewe mwite msimamizi mpitie nyumba pamoja, karatasi ile ile mkononi, aandike alichokuta kabla hujampa ufunguo. Mwenye mkokoteni atangoja. Mlipe kitu kidogo juu.