Nchi ya Vilima vya Kharumwa

Mtu akitoka Mwanza, akavuka ghuba ya Ziwa Nyanza pale Busisi na kushika njia ya kusini-magharibi, hufika nchi ya Nyang'hwale, ambayo makao yake makuu ni Kharumwa. Si nchi ya milima mirefu. Ni nchi ya vilima na mabonde mapana. Wilaya hii iliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Geita.

Hapo zamani sehemu kubwa ya nchi za Geita ilikuwa pori lenye watu haba. Wengi hudhani pori lile lilikuwako tangu mwanzo. Sivyo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi Afrika ya Mashariki. Palipokosa mifugo na watu, vichaka vilirudi. Na penye kivuli na wanyama wa mwitu, mbung'o huzaana. Mdudu huyu huwaletea ng'ombe nagana, na watu malale. Basi watu wakahama, na kwa kuwa walihama, pori likazidi.

Lilishindwaje? Mbung'o hapendi mahali peupe pasipo kivuli. Mtu mmoja akifyeka peke yake, hapati faida. Lakini jamaa nyingi wakikaa na kulima pamoja, mbung'o hurudi nyuma. Baada ya mwaka 1947, serikali ya wakati ule ilipoanza mpango wake wa Usukuma, watu wengi walihamia upande wa Geita kutafuta mashamba na malisho. Hivyo pori likawa mashamba ya pamba, mahindi na mihogo.

Lakini ushindi huo umeacha deni. Leo miti hukatwa kwa kuni, kwa mkaa na kwa kuegemeza mashimo ya dhahabu. Kilima kilichovuliwa miti hakishiki maji. Mvua huchukua udongo, na kisima hukauka mapema. Tena wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, na wakiichoma, mvuke wake ni sumu, hasa kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba.

Kwa hiyo yatupasa sisi wazazi na walimu kuwafundisha watoto mambo mawili: wazee walifyeka kwa shauri moja ili watu waishi, nasi tupande kwa shauri moja, kwa sababu hiyo hiyo. Na zebaki isichomwe kamwe jikoni wala karibu na nyumba.