SPIKA IKIUNGUA, USITUPE SANDUKU LAKE

Katika vijiji vya Chilangala spika si kitu cha ngoma na harusi tu. Spika huita watu mkutanoni. Hutangaza siku ya kugawa salfa. Siku ya mnada wa korosho hutangaza bei. Mkulima aliyekaa nyuma hawezi kukubali wala kukataa bei asiyoisikia. Spika ikifa, watu hubaki kuulizana, "Amesemaje?"

Wazee wanakumbuka mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio nchi nzima. Wanakijiji walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio moja. Miaka hiyo redio za National zilikuwa zikiundwa Dar es Salaam, na za Philips Arusha. Leo redio hizo haziundwi tena huko. Spika yake ikiungua, huipati dukani. Hata masanduku mengi ya spika yaliyokuja baadaye yameacha kutengenezwa.

Je, tutupe? Hapana. Sanduku zima ni ghali. Mara nyingi kilichokufa ni kitu kimoja tu ndani yake.

SPIKA HUFANYAJE KAZI?
Ndani ya spika kuna sumaku. Katikati ya sumaku kuna waya mwembamba uliozungushwa, unaoitwa koili. Koili imegundishwa kwenye karatasi pana. Umeme wa sauti ukipita, koili hucheza mbele na nyuma. Karatasi nayo hucheza, na sisi tunasikia sauti. Umeme ukizidi, koili hupata moto na kukatika.

PIMA KWANZA
Zima amplifaya. Badilisha waya, kwani huenda waya ndio mbovu. Kama bado kimya, fungua sanduku, uitoe spika na kuchomoa waya zake. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha waya mbili za betri kwenye vyuma viwili vya spika kwa muda mfupi sana. Ikitoa mlio mdogo, koili ni nzima. Ikiwa kimya, kuna mahali pamekatika.

Kisha sukuma karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ikikwaruza ndani, koili imeharibika au vumbi limeingia.

Karatasi iliyochanika kidogo huzibwa kwa karatasi nyepesi na gundi ya mbao. Waya laini wa nje uliokatika huungwa kwa risasi. Koili iliyoungua hubadilishwa na fundi, au spika yote hubadilishwa.

UKINUNUA NYINGINE
Si lazima iwe na jina lile lile. Lakini vipimo vilingane. Nenda kwa fundi wa Newala au Masasi na spika ya zamani mkononi. Linganisheni mambo haya:

1. Upana kwa inchi, nafasi ya matundu ya skrubu, na kina.
2. Omu. Hiki ni kipimo cha jinsi koili inavyozuia umeme. Kama ya zamani ilikuwa omu 8, usiweke ya omu 4. Itavuta umeme mwingi na kuchosha amplifaya. Mita ikipima spika nzima ya omu 8 huonyesha kama 6 au 7. Usishangae.
3. Wati. Zisipungue zile za zamani.

Ukifunga, waya wa kujumlisha uende kwenye alama ya kujumlisha. Ukikosea kwenye spika moja kati ya mbili, karatasi moja itakwenda mbele na nyingine nyuma, na sauti nzito itapotea. Ziba nafasi zote pembeni ya spika ili hewa isivuje.

ONYO: Usifungue amplifaya. Umeme wa ndani yake unaweza kuua. Mwachie fundi.

ISIUNGUE TENA
Sauti ikianza kukwaruza, punguza mara moja. Spika inalia kabla ya kufa. Usiongeze sauti kwa sababu watu wamezidi. Sogeza spika karibu nao, au iinue juu.

JADILINI
1. Spika ya kijiji chenu inatunzwa na nani?
2. Nani anaruhusiwa kupandisha sauti?
3. Je, vipimo vyake vimeandikwa mahali?

Viandikeni leo, spika ingali nzima.