Kabla Umeze Tembe ya Beshte Yako, Skia Stori ya Panya na Paka

Umekuwa na stress, hulali, na beshte anakuambia, "Buda, chukua hii yangu, itakutuliza." Ngoja kwanza.

Wataalamu Robert na Caroline Blanchard wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitumia miaka mingi wakicheki venye panya hujilinda. Waligundua panya hana uoga mmoja tu. Akiona hatari na kuna njia, anahepa. Njia ikikosa, anaganda tuli. Akifikiwa kabisa, anapiga kelele na kuuma. Na kama amenusa paka lakini hamwoni, anajinyoosha chini chini, anachungulia, anarudi, anachungulia tena. Hapo anasoma rada. Kuna hata mlio wa kilohezi 22 hivi wa kuonya wenzake, ambao sikio letu haliwezi kuskia.

Sasa dawa zikaingia. Diazepam, ile inajulikana kama Valium, iligusa sana hiyo kusoma rada. Panya aliyekuwa ameganda alianza kutoka kuchungulia. Aliyekuwa anachungulia bila kuchoka akapunguza na kurudi kwa shughuli zake. Lakini kuhepa kwenyewe? Hapo haikubadilisha mengi.

Kwa panya wadogo wa maabara, fluoxetine ilifanya kazi tofauti. Wakipewa kwa muda mrefu, kuhepa kulipungua. Ajabu ni kwamba dozi moja ya kwanza ilifanya wahepe hata zaidi!

Maana yake kwako? Uoga si mmoja, so dawa pia si moja. Wasiwasi wa kutwa nzima si sawa na ile hofu ya ghafla, moyo unadunda hadi unadhani unadedi. Ndio maana daktari anakuuliza maswali mob kabla ya kuandika dawa. Na ndio maana zingine huchukua wiki kadhaa kushika, na siku za mwanzo unaweza kuskia vibaya zaidi. Usiziache kivyako, rudi kwa daktari.

Na wale wa bugizi, mjue iko familia moja na diazepam. Ukizidisha haikupi ujasiri, inalaza tu yule mlinzi wa ndani anayekusomea rada. Ukichanganya na pombe, hata pumzi inaweza kukatika.

So tembe ya beshte? Mrudishie. Ilipimiwa uoga wake, si wako.