Saa ya Mkononi Yapima Utulivu, Si Usingizi

Siku hizi hapa Kikuyu, na Dodoma yote, si ajabu kumwona kijana amevaa saa isiyoonyesha wakati tu, bali yahesabu na hatua zake, mapigo ya moyo wake, hata usingizi wake. Asubuhi huitazama, nayo humwambia: umelala muda wa saa 7 na dakika 12. Wazee husikia na kushangaa. Saa imejuaje? Na ikisema hivyo, tuiamini?

JINSI IFANYAVYO KAZI

Ndani ya saa hiyo mna kifaa kidogo kinachosikia kila mtikisiko wa mkono. Mkono ukitulia kwa muda, saa yahesabu kwamba mwenyewe amelala. Ukitikisika, yahesabu kwamba yu macho. Saa nyingi zina pia taa ndogo ya kijani upande wa ngozi. Mwanga wake huingia katika ngozi, na kwa jinsi damu inavyoumeza, saa hujua moyo unapiga mara ngapi. Kwa mambo hayo mawili, mtikisiko na mapigo ya moyo, saa hukisia usingizi.

Sasa mfikirie mama mwenye mtoto mchanga. Ni usiku wa manane, mtoto ananyonya, na mama hathubutu kusogea asije akamwamsha. Yu macho kabisa, lakini mkono umetulia. Saa yaweza kuandika: amelala. Ndivyo wataalamu walivyoona mara nyingi. Mtu akilala kweli, saa hizi hazikosei sana. Akiwa macho naye ametulia, hukosea mara kwa mara. Basi anayelala kimya akiwaza ada ya shule au mvua iliyochelewa, huyo ndiye saa imdanganyaye zaidi.

Husemwa: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Saa hii kitanda imekilalia, na bado kunguni wake haiwajui.

KIPIMO CHENYEWE

Usingizi ni kazi ya ubongo. Daktari Mjerumani Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa mtu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Na mwaka 1953, huko Chicago, Marekani, Aserinsky na Kleitman walieleza kwamba kuna wakati wa usingizi ambapo macho huenda mbio chini ya kope, na mara nyingi ndipo mtu huota. Kwa hiyo katika hospitali zenye kipimo hiki, mgonjwa hubandikwa nyaya kichwani, kando ya macho na kidevuni, akalala nazo usiku kucha. Saa ya mkononi haioni ubongo wala macho. Ikitaja usingizi mzito au usingizi wa ndoto, inakisia.

FAIDA YAKE

Je, haina faida? Inayo. Kaskazini yetu, karibu na Ziwa Eyasi, wanakaa Wahadza, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Wataalamu waliwavalisha saa za namna hii. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba Wahadza, pamoja na Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, hulala kwa wastani kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Mwaka 2017 wengine walieleza habari za Wahadza 33, watu wazima, waliopimwa kwa siku 20. Katika muda huo wote zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala pamoja. Nyakati nyingine daima palikuwa na mtu aliye macho, kama mlinzi wa kambi.

Wataalamu hao hawakutegemea usiku mmoja wa mtu mmoja. Walitazama siku nyingi, wajue watu hulala lini na huamka lini. Kazi hiyo saa yaiweza.

TAHADHARI

Hatari ziko mbili. Ya kwanza: mtu hukoroma kwa kishindo, pumzi hukatika kisha hurudi kwa kukukuruka, na mchana husinzia. Saa humwambia amelala vema, naye haendi hospitali. Tangu 2024 ziko saa chache zilizokubaliwa Marekani kutoa onyo la ugonjwa huo. Lakini onyo si hukumu ya daktari, na kukosa onyo si cheti cha afya.

Ya pili: mtu ameamka mzima, lakini saa yasema amelala vibaya, basi ashinda na wasiwasi, na usiku wa pili wasiwasi wenyewe wamnyima usingizi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wa namna hiyo.

Mwenye saa na aitumie kujua kama hulala na kuamka kwa wakati ule ule kila siku. Lakini kama amepumzika, aulize mwili wake: je, naamka na nguvu? Nasinzia kazini? Tena amwulize anayelala naye chumba kimoja, kwa maana huyo husikia pumzi zake. Wakijibu vibaya wote wawili, asingoje saa imkubalie. Aende kwa mganga wa zahanati.