Pikipiki Inayolala Mno kwenye Stendi: Usikimbilie Kurefusha Mguu

Pikipiki ikianza kulala kupita kiasi kwenye stendi ya pembeni, ushauri wa kwanza utakaopewa kijiweni ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea akaongeze kipande cha chuma chini ya mguu. Mara nyingi ushauri huo hutuliza dalili tu. Stendi haifupiki yenyewe. Kimo kimepotea mahali fulani, na mahali hapo pasipotafutwa, pikipiki itarudi kulala vilevile pamoja na kipande chake kipya.

Kwanza hakikisha tatizo si ardhi. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto, na barabara huinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremkie kandoni. Stendi ya pembeni nayo iko kushoto. Kwa hiyo ukiegesha kando ya lami ukielekea yanakokwenda magari, mguu wa stendi unakanyaga chini zaidi kuliko matairi, na pikipiki nzima isiyo na kasoro yoyote italalia mtaroni. Rwanda, Burundi na Kongo, wanakoendesha kulia, mteremko wa namna hiyo huisimamisha wima mno. Ndiyo maana kipimo kifanyike kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo wa kutosha.

Pikipiki nyingi husimama vizuri zikiwa zimelala digrii 10 hadi 15 hivi kutoka wima. Simu yenye kipimo cha usawa, ukiibana ubavuni mwa rimu ya nyuma, itakupa jibu. Ikiwa mlalo umezidi, pachika vibao vyembamba chini ya mguu wa stendi, kimoja kimoja, mpaka pikipiki ikae inavyostahili. Unene wa vibao hivyo ndio kimo kilichopotea. Mguu unaokanyaga sentimita 25 kutoka kwenye mstari wa matairi ukipoteza sentimita 1, pikipiki hulala digrii 2 zaidi na kitu, kwa hiyo hata upungufu mdogo huonekana kwa macho.

Sasa mtafute mwizi. Mwambie mwenzako aishike pikipiki wima, stendi ikiwa imeshushwa. Ushike mguu karibu na ncha, uutikise kwenda nje na ndani. Ukicheza, umefika. Stendi huning'inia kwenye bolti moja inayopita katika kishikio kilichochomelewa kwenye fremu. Vumbi na matope huingia hapo, grisi huisha, chuma husagana na chuma, tundu likapanuka. Nafasi hiyo ni ndogo kwa kuitazama, lakini mguu huikuza. Tuseme panapobana bolti pana upana wa milimita 20, na mguu una urefu wa milimita 240. Ulegevu wa milimita 1 kule juu unakuwa milimita 12 kule chini. Mguu unatanuka kwenda nje, na pikipiki inaufuata.

Ubaya ni kwamba hali hii hujilisha yenyewe. Kadiri pikipiki inavyolala ndivyo uzito unavyohamia kwenye stendi, na kadiri stendi inavyobeba ndivyo tundu linavyozidi kuliwa na mguu kupinda. Pikipiki ya bodaboda ya injini ya 125 au 150 ina zaidi ya kilo 100 ikiwa tupu. Mwongeze dereva anayepumzika juu yake na mwenzake aliyekaa nyuma, au anayepiga kiki kwa nguvu zote stendi ikiwa bado chini. Stendi ya pembeni ilitengenezwa kushikilia chombo, haikutengenezwa kubeba kikao.

Dawa ya tundu lililopanuka ni bolti mpya na bushi. Fundi wa kukereza chuma atalinyoosha tundu, ataingiza bushi, na stendi itabana bila kugoma. Bolti ikazwe, ilegezwe kidogo ili mguu uzunguke, kisha nati ya nyuma ndiyo ifungwe kwa nguvu. Mafundi wengi huishia kwenye kukaza bolti peke yake. Inafunguka njiani, na springi inaondoka nayo.

Kama hakuna ulegevu, chunguza kizuizi kinachouzuia mguu usiende mbele zaidi. Kikilika, mguu hupitiliza mbele na kimo chake hupungua. Tone la chuma la kuchomelea, likipigwa tupa taratibu, hurudisha pale pale. Mguu uliopinda unaweza kunyooshwa mara moja kwa bomba refu. Ukipinda tena, nunua mwingine, kwa maana chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa hufanya ufa. Na ufa ukiuona kwenye kishikio chenyewe, usikubali kuchomelea juujuu. Betri ifunguliwe waya, tangi la petroli liondolewe, ufa uchimbwe hadi mwisho wake ndipo ujazwe.

Yako mazingira ambamo kuongeza urefu ni halali: umebadilisha shokapu ukaweka ndefu, umeongeza springi ili ubebe mizigo, au umefunga tairi nene zaidi. Hapo pikipiki imepanda na stendi imebaki fupi. (Shokapu zilizochoka hufanya kinyume; huishusha pikipiki na kuisimamisha wima, kwa hiyo zisisingiziwe.) Lakini pima ukiwa na mzigo unaoegesha nao kila siku. Ukirefusha stendi kwa pikipiki tupu, kisha ukafunga magunia mawili ya mkaa, springi zitabonyea, pikipiki itasimama wima, na upepo au mtoto anayepita ataiangusha upande wa kulia, ambako hakuna cha kuizuia. Kipande kinachoongezwa kiwe bapa pana, kisizame kwenye mchanga au tope la masika. Ukishamaliza, pandisha stendi uone kama springi inaivuta juu kabisa. Stendi inayoning'inia hugusa lami ukilala kwenye kona ya kushoto, na hapo huinua tairi la nyuma.

Mpaka matengenezo yafanyike, funga koki ya mafuta kila unapoegesha. Kwenye pikipiki za kabureta, mlalo uliozidi huweza kuvuruga boya lililomo ndani, petroli ikamwagika chini au kuingia kwenye injini. Tumia stendi ya kati ikiwa ipo. Na fundi akiwasha mashine ya kuchomelea kabla hajaushika mguu na kuutikisa, mwombe autikise kwanza.