Watu wa Simu ya Upepo

Mwalimu mmoja wa upande wa Urambo ametuandikia barua, na ndani yake ametuuliza neno ambalo twadhani wasomaji wetu wengine pia wamejiuliza. Asema amesikia kwamba wako watu duniani ambao usiku huketi mbele ya mashine ya redio, wakaita hewani pasipo kumjua watakayempata. Na akijibu mtu wa Japani au wa Brazili, hufurahi kana kwamba wameokota mali. Hawalipwi, wala hawauzi kitu. Naye auliza, "Watu hawa wana faida gani, na siku hizi simu i mfukoni mwa kila mtu?" Tumeona vema kumjibu hapa, maana jibu lenyewe ni refu kidogo, tena lagusa njia yetu wenyewe, njia ya kale ya misafara itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji.

Katika njia ile habari ilikwenda kwa miguu ya mtu. Dokta Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwanzo wa mwezi wa Mei 1873. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, waliukausha mwili wake wakauchukua kuelekea pwani. Walipokaribia Unyanyembe, Chuma alitangulia na barua. Aliyeiandika ni mwenzao, Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa, akawekwa huru, akasomeshwa Bara Hindi. Barua ilifika Tabora tarehe 20 Oktoba 1873, ikapokelewa na Bwana Cameron, afisa wa manowari za Kiingereza, aliyekuwa hapa akiugua homa. Hesabu wewe mwenyewe: miezi mitano na zaidi toka Chitambo mpaka Tabora. Mwili haukufika Bagamoyo ila Februari 1874, na muda huo wote ukapita juu ya mabega ya watu.

Twaomba msomaji amkumbuke Jacob Wainwright na kalamu yake, maana tutamrudia.

Baadaye ilikuja simu ya waya, na mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Walakini waya una mwenyewe, na reli ina mwenyewe. Anayetaka kupeleka neno hulipa dirishani. Simu ya upepo ilipozuka ilizaa jambo ambalo halikuwako: mtu wa kawaida, nyumbani kwake, kwa chombo alichokiunga kwa mikono yake, aliweza kusema na mtu aliye mbali pasipo kupita kwa mwenye waya. Watu hao kwa Kiswahili cha leo huitwa watu wa redio ya ridhaa, kwa kuwa hufanya kwa kupenda.

Wakubwa hawakuwapenda sana. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma kwenye mawimbi mafupi, yasiyozidi mita 200, ambayo mabingwa wa siku zile waliyaona hayana kazi. Ni kama mtu apewaye shamba la mawe ili asisumbue. Basi wakalilima. Novemba 1923 Mmarekani mmoja na Mfaransa mmoja walizungumza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa wimbi la mita 110 hivi. Na Oktoba 1924 kijana wa miaka 18, Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill huko London, alizungumza kwa mashine ya shuleni na Frank Bell, mfugaji wa kondoo wa New Zealand, upande wa pili wa dunia kabisa. Walimu mnaosoma habari hii, angalieni: si jemadari wala bingwa wa kampuni, bali mwanafunzi na mfugaji. Ndipo serikali na makampuni yakaja mbio kutaka shamba lile la mawe.

Sasa tueleze jinsi sauti inavyokwenda, kwa maana bila hili mengine hayafahamiki. Juu sana, kilomita 200 na kuzidi, jua huichoma hewa nyembamba ikawa kama dari. Wimbi fupi likirushwa juu hugonga dari lile likarudi chini mbali sana. Hugonga ardhi au bahari likapaa tena. Mchana dari ni imara na hufaa mawimbi mafupi zaidi. Usiku hulegea, na mtu huhamia mawimbi marefu kidogo. Tena jua lenyewe lina majira yake, kama miaka 11 toka nguvu hata udhaifu na kurudi. Kwa hiyo mtu wa redio ya ridhaa huangalia jua kama mkulima aangaliavyo mawingu.

Vyombo vyake si vingi. Mashine yenye nguvu ya wati 100, yaani kama ile taa ya umeme ya zamani, huweza kufika Ulaya, nayo huendeshwa kwa betri ya gari ya volti 12. Waya wa hewani mtu hujifungia mwenyewe. Kwa megahezi 7 hukata waya wa mita 20 hivi, akaugawa katikati, mita 10 upande huu na mita 10 upande huu, akaufunga juu ya miti miwili. Hapa Tabora miembe tunayo, wala hatuna haja ya kununua nguzo. Ila twamwonya kila mtu: mawingu ya mvua yakipanda, ungoe waya katika mashine na kuutupa nje ya nyumba. Radi ya Unyamwezi haina mzaha.

Aitaye hutaja jina lake la hewani, herufi na tarakimu alizopewa na Serikali. Majina ya Tanzania huanza kwa 5H au 5I. Ya Kenya kwa 5Z. Ya Uganda kwa 5X. Kabla ya uhuru Tanganyika ilikuwa VQ3 na Unguja VQ1. Anayejibiwa hupewa kwanza habari ya sauti yake, kama yasikika vema au kwa shida. Kisha huulizwa mahali alipo, mashine yake, hali ya hewa. Wako wasemao kwa mdomo, na wako wapendao nukta na vistari vya Morse mpaka leo, maana Morse hupenya pale sauti ishindwapo; tena maneno mengi yamefupishwa kwa herufi tatu zijulikanazo na wote, hata Mjapani na Mnyamwezi wasiojua lugha moja waweza kuagana kwa adabu. Kwaheri yao ni tarakimu 73, maana yake salamu njema. Kisha kila mmoja humpelekea mwenzake kadi kwa posta kuthibitisha. Na mmoja wao akifa, hawasemi amekufa. Husema kitufe chake kimenyamaza.

Na chama je? Maana mtu peke yake na mashine yake si jumuiya. Kote duniani vyama hivi vina desturi zinazofanana. Kwanza kuna saa ya kuitana. Mathalani jioni moja kila juma, wimbi fulani, saa fulani: mmoja huwa msimamizi, huita majina, na kila mtu huitika kwa zamu. Asiyeitika mara mbili tatu, mwenzake wa karibu huenda kumtazama nyumbani, kwa kuwa wengi ni wazee waishio peke yao. Tena wazoefu huwafundisha wageni Morse na sheria mpaka wapite mtihani. Mara moja kwa mwaka hubeba mahema na betri kwenda porini, wakafanya kazi mchana na usiku pasipo umeme wa mjini, ili siku ya taabu isiwakute hawajui pa kuanzia. Na kila mwaka, tangu mwaka 1958, huwakaribisha vijana wa skauti waseme na skauti wa nchi nyingine.

Hatusemi wote ni malaika. Wako ambao kazi yao ni kuhesabu nchi tu: hutaja tarakimu mbili, wakaaga, wakamwita mwingine, hata hawakuuliza jina la mtu. Sisi hatuoni utamu wake, ijapokuwa wenyewe watatubishia. Tena mashine si rahisi kununua kwa mshahara wa mwalimu.

Katika nchi zetu, kabla ya uhuru palikuwa na Radio Society of East Africa huko Nairobi, na baada yake Amateur Radio Society of Kenya. Kwetu iko Tanzania Amateur Radio Club, na leseni hutolewa na TCRA. Sheria ni kali kwa mambo machache: hapana biashara hewani, hapana malipo, hapana kusema kwa mafumbo ili wengine wasielewe, na kila mtu ataje jina lake. Lakini jambo hili latuuma, nasi twalisema wazi: majina ya 5H yaliyosikika duniani kwa miaka mingi, mengi yametamkwa na wageni, waliokuja kujitolea katika hospitali za misioni au kupumzika Unguja, wakafunga waya, wakasema wiki mbili, wakafunga mizigo. Twawashukuru, maana wameitaja nchi yetu. Walakini habari ya kifo cha Livingstone iliandikwa na mkono wa Mwafrika katika njia hii hii, zamani watu waliojua kusoma walipokuwa wachache. Leo Tabora ina shule kubwa, nazo ni za zamani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma hapa, tena akafundisha hapa. Kwa nini sauti ya nchi hewani iwe ya mgeni?

Sasa swali la faida. Desemba 2004 kikundi cha watu wa redio ya ridhaa wa Bara Hindi, kiongozi wao akiwa Bi Bharathi Prasad, kilikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman. Walikwenda kwa kujifurahisha tu, kwa kuwa visiwa vile havikuwa vimesikika hewani kwa miaka mingi. Asubuhi ya tarehe 26 nchi ikatetemeka, bahari ikapanda, simu zikakatika. Ni wimbi lile lile lililofika siku ile ile hata pwani yetu ya Kenya na Tanzania likaua watu. Wale wageni wa Port Blair wakaacha mchezo wao, wakasimamisha waya, wakaanza kupeleka habari za nani yu hai na nini chahitajiwa. Vyombo vilikuwa tayari, na mikono ilikuwa imezoea.

Ndugu yetu wa Urambo, simu ya mfukoni ni kitu chema, nasi tunazo. Lakini simu ile hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme, na nyaya, na barabara ya kuwafikisha mafundi. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko ya Kilosa yaliikata reli ya kati, na Tabora ikakaa bila gari la moshi la pwani. Safari ile ilikatika njia. Siku nyingine yaweza kukatika minara. Siku hiyo haitafaa kuanza kusoma jinsi ya kukata waya.

Atakaye kuanza asikimbilie kununua mashine ya kusemea. Asikilize kwanza, kusikiliza hakuna mtihani. Atafute redio ya mawimbi mafupi yenye alama ya SSB, maana ya kawaida itatoa pumzi tu bila mlio. Aiweke kwenye megahezi 14.100. Hapo viko vituo 18 vya duniani vinavyopokezana zamu, kila kimoja sekunde 10, na baada ya dakika tatu duru huanza tena. Kila kituo hutaja jina lake kwa Morse, kisha hupiga vistari vinne virefu: cha kwanza kwa wati 100, cha pili kwa wati 10, cha tatu kwa wati moja, cha nne kwa sehemu ya kumi ya wati moja, nguvu isiyofikia tochi ndogo. Sri Lanka ikimaliza huja Afrika ya Kusini, kisha Kenya, kisha Israeli.

Sisi tulijaribu jioni moja, saa kumi na moja, na watoto watatu wa jirani, waya ukiwa umefungwa mwembeni, mita tano upande huu na mita tano ule. Afrika ya Kusini ilikuja wazi. Zamu ya Kenya ilipofika, kimya. Watoto wakashangaa, wakasema Kenya i karibu, mbona haisikiki? Tukawaeleza habari ya dari: wimbi lile hupaa likaturuka, likaanguka mbali kuliko sisi, kama jiwe lirushwalo juu ya paa lisivyomwangukia aliye ukutani. Mmoja alikubali, wawili walitutazama tu.

Duru ikarudi. Safari hii walihesabu kwa vidole. Kistari cha kwanza cha Afrika ya Kusini walikisikia wote, na cha pili. Cha tatu alikisikia binti mdogo peke yake, akaapa kweli amekisikia, na ndugu zake wakambishia. Cha nne hakukisikia mtu. Binti yule akasema pengine waya wetu tumeukata vibaya, tuupime upya. Jumamosi ijayo tutaushusha.