Unajua siku ya tetemeko? Wataalamu watakuuliza haya

Msikilizaji, ardhi ikitikisika huku Ufipa hakosekani mtu wa kusema, "Mimi niliwaambia." Kisha hulalamika kwamba wataalamu hawamsikilizi.

Wataalamu wanataka mambo matatu, yaandikwe kabla: mahali, tarehe na ukubwa. Kusema "litapiga Rukwa" hakutoshi. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa, na tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4. Kwamba litarudi, hata mjukuu wako anaweza kusema.

Februari 2023 Mholanzi Frank Hoogerbeets alisifiwa kuwa alitabiri tetemeko la Uturuki siku tatu kabla. Ukisoma alichoandika, eneo na ukubwa vipo, lakini alisema litatokea mapema au baadaye. Tarehe haimo. Tena hufuata mpangilio wa sayari, njia ambayo wataalamu wa matetemeko hawaikubali.

Kuna sharti jingine, na hili wengi hawalipendi: hesabu pia ulizokosa. Duniani matetemeko ya ukubwa wa 5 na zaidi hupita 1,000 kwa mwaka. Ukitaja siku nyingi, mojawapo itaangukia tu.

Basi ukiona mbwa au kisima kimebadilika, andika siku na saa hapo hapo, upeleke kwa Taasisi ya Jiolojia, GST, Dodoma. Usingoje mtikisiko ndipo ukumbuke.

Hadi leo hakuna mwanasayansi aliyewahi kutaja siku ya tetemeko kubwa. Ukipata ujumbe wa WhatsApp kwamba litapiga saa nane usiku, usiwatoe watoto kwenye baridi ya Laela. Kulala nje ni kwa aliyetikiswa kweli na nyumba yake imepasuka.